Nilimposti Garvey usiku, asubuhi nikaingia geti

Leo hakuna video. Nimejaribu kurekodi mara tatu, kila nikifika katikati sauti yakwama, basi nimeamua kuandika. Ni ndefu, nawaambia mapema. Kama uko kwa matatu pale Changamwe na jam haijasonga, muda unao.

Wanaonifuata tangu zamani mwajua mimi na Marcus Garvey. Ile picha yake amevaa kofia ya manyoya ya ndege kama jenerali ndo ilikuwa profaili yangu mwaka mzima. Nimemtengenezea video nne. Niliwaeleza alivyozaliwa St Ann's Bay, Jamaika, 1887, akaanzisha chama chake cha UNIA 1914, akahamia New York, halafu 1919 akafungua kampuni ya meli, Black Star Line, ya watu weusi wenyewe kwa hisa zao wenyewe. Meli, jamani! Mtoto wa Miritini aliyekua akihesabu kontena zikipita barabarani, kontena ambazo hata moja si ya kwao, ukimwambia kuna mtu mweusi alikuwa na meli zake miaka mia iliyopita, lazima ampende. Video hiyo ya meli ndo ilinipatia wengi wenu.

Sasa sikizeni.

Mwaka jana nilikuwa nashona. Kiwanda cha nguo, jina silitaji, na msianze kukisia kwa komenti maana nitafuta. Nilikuwa kibarua. Kwa wasiojua kibarua cha nguo kikoje: waamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na nusu ushafika getini. Mnasimama pale wasichana kama mia mbili gizani, kila mtu na kibakuli chake cha chakula kwa mfuko wa plastiki. Supavaiza atoka, achagua kwa kidole. Wewe. Wewe. Wewe wa mtandio mwekundu. Hasemi jina, na wala halijui. Ambaye hakuonyeshwa kidole arudi nyumbani na nauli ishaliwa. Aliyeonyeshwa aingia, apewa mashini, na mbele ya laini kuna ubao umeandikwa tageti ya kila saa. Ukikosa tageti, wabaki hadi uimalize, na ule muda wa kubaki ndo hauhesabiwi.

Wiki tatu mfululizo hatukulipwa saa za ziada. Tukiuliza, twaambiwa wiki ijayo.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, nitamwita Dada Pindo kwa vile kazi yake ilikuwa kupiga pindo za suruali. Mkamba, mkubwa wangu kwa miaka kama sita hivi, ana mtoto mmoja. Msichana mtaratibu, haongei ovyo. Yeye ndo alisema: oda inatoka Ijumaa, wanatuhitaji. Alhamisi tusiingie. Tusimame tu nje ya geti, kidole kikinyooshwa asiende mtu, mpaka mtu mwenye mamlaka atoke atuambie pesa zetu zi wapi. Hakuna matusi, hakuna mawe.

Jumatano usiku grupu ya WhatsApp ilikuwa yawaka. Mmoja baada ya mwingine: niko, niko, niko. Mimi pia, "niko", na kile kialama cha ngumi nyeusi. Halafu saa tano usiku nikaposti Garvey. Picha ya kofia, na maneno yangu mwenyewe juu yake, kwamba mtu mweusi akisimama na mwenzake hakuna geti litakalomzuia. Ndiyo, geti. Niliandika geti. Mlipenda sana posti hiyo, rudini muitazame, bado ipo, sijaifuta makusudi.

Asubuhi tulikuwa wote pale. Dada Pindo mbele kabisa. Supavaiza akatoka, akatutazama, hakupaza sauti hata. Akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Nyinyi wa hapa Pwani ingieni kwanza. Msiharibiwe kazi na mtu wa bara, yeye ana kwao pa kurudi."

Ilichukua kama sekunde kumi. Msichana mmoja akatazama chini, akaingia. Wakafuata wawili. Halafu kundi.

Mama yangu Mdigo wa Likoni. Baba yangu Mluhya, alikuja bandarini kijana, akaoa huku, akazikwa huku. Mimi ni hao wawili, na maisha yangu yote nikiulizwa kabila najibu "Mmiritini" watu wacheke. Asubuhi ile sikusema Mmiritini. Niliingia kama Mdigo, na jina la baba yangu nikaliacha nje ya geti amesimama nalo Dada Pindo.

Yeye hakuchaguliwa tena. Mimi nilishona miezi miwili zaidi, oda zikaisha, nikaachwa kama wengine.

Hili sikuwahi kumwambia mtu mpaka nilipoenda kwa nyanya Likoni wakati wa Idi. Nikamwambia yeye kwa sababu nyanya hana simu ya kuposti. Akasikiza hadi mwisho, huku akichambua mchele, akaniuliza swali moja tu: "Na huyo msichana ushamtafuta?" Nikasema bado. Akanyamaza. Halafu akasema, "Baba yangu siku za Chege hakuingia kazini."

Chege gani? Nilidhani ni jirani.

Baba yake nyanya alikuwa kuli Kilindini. Nyanya alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Anakumbuka baba yupo nyumbani siku ya Jumatatu, jambo ambalo halikuwa kawaida, na siku moja akambeba mabegani kumpeleka uwanja uliojaa watu mpaka akaogopa. Uwanja wa mpira, asema, lakini hakuna mpira. Ukaitwa Kiwanja cha Maskini.

Nilirudi Miritini nikaanza kusoma, na nawaambia ukweli, nilijisikia vibaya. Mwaka mzima nazungumzia Harlem, na kitu hiki kilitokea ng'ambo ya daraja la Makupa.

Mombasa ya 1947, Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha juzi tu. Bei za vitu zimepanda, mshahara uko palepale. Nyumba za kupanga ni shida. Na kulikuwa na ngazi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini, hata kazi ikiwa ni ileile. Makuli walikuwa washagoma 1939, wakapata kidogo, maisha yakaendelea. Safari hii ilikuwa kubwa. Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Makuli hawakwenda bandarini. Watu wa reli hawakwenda. Wafanyakazi wa mahoteli, wa manispaa, mpaka wapishi na mayaya wa nyumba za Wazungu. Kama watu 15,000. Hebu fikiria, mji mdogo vile, mabibi wa Kizungu wenyewe jikoni wanatafuta sufuria iko wapi.

Wakadai nini? Mshahara wa kuishi nao, pesa ya nyumba, na malipo sawa kwa kazi sawa. Na wadharauliwe basi kidogo, hilo halikuandikwa kwa namba lakini ndo lilikuwa moto wenyewe.

Sasa Chege. Jina kamili Chege Kibachia. Mkikuyu kutoka Kiambu, amesoma Alliance, umri miaka ishirini na kitu tu. Na jambo lililonishika mimi ni hili: mgomo hakuuanzisha yeye. Nilisoma mara mbili kuhakikisha. Ulianzishwa na wanaume wa vikundi vya kazi, gengi hii na gengi ile, waliokubaliana mitaani na kwenye vyumba vyao, na wengi wao majina yao leo hayajulikani. Babu yangu mkuu mmoja wao. Mgomo ukiwa tayari unaendelea, watu wamejaa kiwanjani kila siku, ndipo wakaunda chama, African Workers' Union, baadaye kikaitwa African Workers' Federation, na huyu kijana mwenye elimu na ulimi akawa kiongozi wake. Umati ulikuwa ushasimama, ukamwinua mtu wa kuusemea. Mimi siku zote niliwaza kinyume. Niliwaza kwanza aje mtu mwenye kofia ya manyoya, halafu sisi ndo tusimame.

Wakakaa nje siku 12. Serikali ikamleta Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria, 1944, aje azungumze nao. Wakakubali kurudi kwa ahadi kwamba malalamiko yao yatasikizwa na jopo maalum. Jopo likaja, nyongeza zikatolewa, si zote walizotaka. Na hapa kuna kitu kidogo nilichokipenda: jaji aliyeliongoza aliitwa Ransley Thacker. Ndiyo, Thacker yuleyule wa Kapenguria, aliyemhukumu Jomo Kenyatta na wenzake 1953. Nairobi wanamjua kwa Kapenguria. Sisi Mombasa tulikuwa tushamwona miaka sita kabla.

Mtu ataandika kwa komenti: hiyo ni story ya mishahara, wazalendo ni kina Kenyatta. Kaa hapo. Januari 1947 Kenyatta alikuwa amerudi kutoka Uingereza miezi michache tu, na urais wa KAU alikuwa hajaupata, aliupata Juni mwaka huo. Wakati huo tayari kuna uwanja Mombasa ambao Mdigo, Mgiriama, Mkamba, Mjaluo, Mluhya na Mkikuyu wamekaa chini pamoja na kusema "sisi Waafrika tunataka hivi". Kama huo si uzalendo basi sijui mwataka uwe na bendera ya rangi gani.

Na nikiwa bado nasoma, Garvey mwenyewe akajitokeza. Kabla ya UNIA, kabla ya kofia, alikuwa mpiga chapa Kingston. 1908 wapiga chapa wakagoma, naye akawa mmoja wa viongozi wao. Mgomo ukashindwa. Kwa hiyo hata yeye alianzia getini. Tena huku kwetu alituona: Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa Nairobi na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi, 21 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao, Garvey alipeleka simu ya maandishi London kumlalamikia waziri mkuu. Thuku naye akahamishwa hadi Kismayu. Kilimani kule Nairobi kuna barabara imepewa jina la Garvey, na nilipoiona mara ya kwanza nilipiga picha tano. Barabara ya Chege mimi sijawahi kupiga picha yake.

Nirudi Mombasa. Federation haikutaka kubaki Mombasa. Ikaanza kufika Nairobi na kwingine, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, si cha kazi moja wala kabila moja. Hilo ndo lililowatisha wakubwa. Mgomo wa bandari unaweza kuulipa ukaisha. Watu wote kwa sauti moja utawalipa nini? Agosti 1947 wakamkamata Chege na kumpeleka Kabarnet, Baringo, mbali na bahari, mbali na watu wake. Alikaa huko karibu miaka kumi. Aliingia kijana wa miaka ishirini na kitu, ujana wake wote ukaishia milimani.

Na bila yeye Federation ikafifia. Hapa sitaki kuwapamba babu zetu. Walimwinua mtu mmoja, alipoondolewa wakayumba. Serikali nayo ikaleta mshauri kutoka Uingereza kuwafundisha Waafrika vyama vya wafanyakazi "vinavyofaa", maana yake kila kazi na chama chake: makuli kivyao, reli kivyao, mahoteli kivyao. Vyama hivyo vilikuja kufanya mambo, sikatai. 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena na Tom Mboya akaja kuwasemea, na Mboya leo ana sanamu Moi Avenue. Lakini ona ule ujanja. Msikatazwe kukutana, mgawanywe tu. Supavaiza wangu sidhani amesoma historia hata ukurasa mmoja, ila somo hilo alilijua barabara.

Nalo halikubaki kazini. Wa rika langu hatukuwepo Agosti 1997, lakini wa Likoni nyote mmesimuliwa: usiku kituo cha polisi kinavamiwa, halafu watu wa bara wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Baba yangu alifichwa na shangazi zake mama kwa siku nne. Wadigo walimficha Mluhya wasionekane na Wadigo wengine. Nusu karne tu baada ya Kiwanja cha Maskini, ng'ambo ya maji yaleyale. Nilipomuuliza nyanya walimchukuliaje Chege, Mkikuyu, akashangaa. "Mimi sikujua ni Mkikuyu mpaka nimekua. Nyumbani twasema Chege wetu."

Moto wenyewe haukuzimika na yeye. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam wakagoma. 1948 wakagoma wa Zanzibar, na mgomo huo ndo uko ndani ya Kuli, riwaya ya Adam Shafi. Mwambao mzima, bandari moja baada ya nyingine, kama mtu anapitisha kiberiti.

Basi nikamtafuta Dada Pindo. Haikuwa kazi ngumu, ndo aibu yenyewe. Yuko Magongo, anauza viazi karai jioni, kituo kimoja cha matatu kutoka kwangu. Miezi yote hiyo.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikafika, kuna wateja, akaniona, akasema tu, "Aa, ni wewe. Shika kisu basi, viazi vile havijamenywa." Nikamenya. Mtoto wake alikuwa pale anacheza na maganda. Nilimwambia niliyotaka kumwambia huku nimeinamisha kichwa kwa ndoo, na sitayarudia hapa, hayo ni yake. Hakulia, hakunikumbatia. Alisema, "Nilikuona ulivyoingia." Kisha akampa mteja ukwaju.

Baadaye watu walipopungua nikamsimulia Chege. Nilidhani ataniuliza habari za Kabarnet, au Garvey. Akauliza kitu kimoja:

"Siku kumi na mbili. Walikula nini?"

Kwenye kila nilichosoma hilo halikuwemo. Yeye ana mtoto, ilibidi aulize. Nikampigia mjomba pale pale, akampa nyanya simu, nikaiweka sauti kubwa juu ya meza ya viazi.

Nyanya asema ilikuwa mihogo. Baba yake alikuwa na shamba Likoni, na kila asubuhi aling'oa, mama yake akaipika kwa nazi, sufuria kubwa, na nusu ikavushwa na feri kwenda upande wa pili. Akasema wale waliotoka bara hawakuwa na shamba huku, wao mshahara ukikatika wamekatika, ndo maana walipakuliwa kwanza.

Dada Pindo akainama karibu na simu akamwambia shikamoo. Nyanya akaitika, akauliza, "Ndiye huyo?" Nikasema ndiye. Wakaanza kuongea wao wawili, mimi nikarudi kwa viazi.